Umeandikiwa faini ya trafiki Mtwara au Lindi na bado u mgeni: mwongozo kamili, kuanzia barabarani hadi deni lifutike

Wageni wanaohamia kwetu kusini wanatoka pande nyingi. Wapo Wamakonde na Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wapo Wakomoro, Wakongomani na Warundi wenye biashara zao, wapo Wakenya waliofuata kazi za saruji, gesi na korosho. Wengi wanazungumza Kiswahili vizuri tu. Hata hivyo, trafiki akiinua mkono barabarani, mgeni anawaza kibali chake kabla hajawaza kosa lake. Anaona kama karatasi ya faini itamfikisha Uhamiaji, na hofu hiyo humsukuma kwenye mambo mawili mabaya: ama anatoa hela mkononi yaishe, ama anaondoka na karatasi, anaitupa kwenye dashibodi na kuisahau.

Mambo hayo mawili ndiyo yanayogeuza kosa dogo kuwa kubwa. Kosa likiandikwa vizuri, likalipwa kwa namba na kufutika kwenye mfumo, limekwisha. Nawaandikia hatua zote kwa sababu naona watu wazuri wakipoteza fedha na usingizi kwa jambo la elfu thelathini.

Kwanza jua ukubwa wa jambo lenyewe

Makosa ya barabarani Tanzania Bara yanaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Kwa makosa madogo, sheria inaruhusu dereva anayekubali kosa alipe faini ya papo kwa papo bila kufikishwa mahakamani. Kwa gari, faini hiyo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Pikipiki na bajaji zilipunguziwa katika bajeti ya mwaka 2021/22, kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa.

Shikilia hayo maneno "kwa kila kosa". Ukikamatwa umezidisha mwendo na hukufunga mkanda, hayo ni makosa mawili, na 60,000 utakayoandikiwa ni halali. Wageni wengi hugombana na askari hapa kwa kudhani wameongezewa bei kwa ugeni wao. Hesabu makosa yaliyoandikwa kabla ya kulalamikia jumla.

Mwongozo huu hauhusu ajali yenye majeruhi wala kuendesha ukiwa umelewa. Hayo yanakwenda kituoni moja kwa moja. Aliyeumia atahitaji PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kwa ajili ya matibabu, na wewe utahitaji mtu anayejua sheria. Usijaribu kuyamaliza barabarani.

Makosa yanayowapata wageni huku kwetu

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ina lami nzuri na sehemu ndefu zisizo na gari, na uzuri huo ndio unaomponza dereva. Kila kijiji kina kibao cha 50. Unatoka porini mguu umekolea, ghafla ni Somanga, Nangurukuru, Mchinga, Mingoyo au Mikindani, na askari wa tochi, kile kifaa cha kupima mwendo, yupo. Kibao cha 50 kinaanza kukubana pale kilipo, na kinakuachia pale unapokuta kingine chenye 50 iliyopigwa mistari. Kati ya vibao hivyo viwili, hata kama nyumba zimeisha na unaona mikorosho mitupu, bado uko kwenye 50. Faini nyingi za tochi zinatokea kwenye mita hizo za mwisho, ambapo dereva anadhani kijiji kimeisha.

Magari ya abiria na ya mizigo yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa hata nje ya vijiji. Ukiajiriwa kuendesha fuso wakati wa msimu wa korosho, hilo linakuhusu.

Jambo la pili ni upande wa barabara. Hapa tunaendesha kushoto. Msumbiji na Kenya ni vilevile, lakini ukitoka Kongo, Burundi, Rwanda au Komoro umezoea kulia. Mwili husahau hasa asubuhi barabara ikiwa tupu, unapotoka kituo cha mafuta, na unapoingia kipilefti, yaani mzunguko wa njia panda. Kwenye kipilefti, gari linalotoka kulia kwako na limeshaingia ndilo lenye haki ya kupita.

Mengine ni haya: kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu wakati mtu anavuka, hasa karibu na shule, kuovateki kwenye mstari usiokatika, kutofunga mkanda, wewe au abiria wa mbele, taa mbovu, na kutokuwa na pembetatu za kuakisi au mtungi wa kuzimia moto. Kwa waendesha bodaboda ni kofia ngumu, yako na ya abiria, pamoja na mshikaki. Kama ulikotoka kubeba abiria wawili nyuma lilikuwa jambo la kawaida, jua kwamba hapa utaandikiwa.

Hatua ya kwanza: dakika kumi za barabarani

Askari akikuonyesha usimame, washa indiketa ya kushoto, punguza taratibu, utoke kabisa kwenye lami. Zima injini, shusha kioo, mikono iwe mahali inapoonekana. Usishuke mbio kumfuata askari huku umeshika pochi, maana unatoa picha ya mtu aliyekuja kuhonga kabla hata hujaulizwa.

Anza na salamu. Huku salamu haitanguliwi na kitu. "Habari za kazi, afande" inatosha, na kama ni mtu mzima kuliko wewe, "shikamoo, afande" haitakupunguzia chochote. Mkiwa na mwenyeji ndani ya gari, msihi asiongee kwa niaba yako isipokuwa umemwomba. Mara nyingi rafiki anayetaka kusaidia ndiye anayepandisha sauti.

Utaombwa leseni, na pengine kadi ya gari na uthibitisho wa bima. Weka nakala hizo kwenye bahasha moja ndani ya gari, pamoja na nakala ya pasipoti na ukurasa wa kibali cha ukaazi. Leseni halisi uwe nayo mwenyewe.

Kisha uliza kosa lako. Uliza kwa sentensi fupi: "Afande, naomba unieleze kosa langu." Kama ni mwendo, sema: "Naomba kuona picha ya tochi." Ombi hilo ni la kawaida na askari amelizoea. Mara nyingi mwenye tochi amekaa mbele kidogo na picha inatumwa kwa mwenzake aliyekusimamisha, kwa hiyo angalia mambo manne: namba ya gari ni yako, mwendo uliosomwa, saa, na mahali. Kama picha ni ya gari jingine la rangi kama lako, sema hapohapo kwa upole, kwa sababu ni rahisi kurekebisha kabla karatasi haijachapishwa.

Kiswahili cha Lubumbashi au Bujumbura kinaweza kupishana na cha hapa, na askari anaweza kusema haraka. Hujaelewa? Mwambie: "Mimi ni mgeni, naomba unirudie taratibu." Usikubali kosa ambalo hujaelewa ni lipi. Kunyamaza na kutikisa kichwa huku kunachukuliwa kuwa umekubali.

Ugeni wako ni sababu ya kuomba maelezo, hauwezi kuwa sababu ya kutoandikiwa. Sheria inamhesabu kila aliyeshika usukani kuwa anaijua. Askari anaweza kukuonya na kukuachia, hilo hutokea, lakini ni uamuzi wake. Ukiomba msamaha, omba mara moja tu, kisha subiri jibu.

Hatua ya pili: soma karatasi kabla hujawasha gari

Ukikubali kosa, askari anaingiza taarifa kwenye kimashine chake na kukupa karatasi. Hapa ndipo ningependa mgeni awe mgumu kidogo. Usiondoke hadi umesoma. Angalia namba ya kumbukumbu, namba ya gari, namba ya leseni, kosa, mahali, tarehe na kiasi. Namba za leseni za nje na namba za magari ya nje hukosewa kirahisi kwa sababu mpangilio wake si ule askari aliouzoea. Herufi moja ikikosewa, utalipa deni lisilo lako, na lako litabaki likikusubiri, au mtu asiyekujua atakuta gari lake lina deni la Mikindani na yeye hajawahi kufika Mikindani.

Piga picha ya karatasi kwa simu palepale. Karatasi hizi zinafifia kwenye joto la gari, na jua letu unalijua. Andika pia jina au namba ya askari. Kama amebaki na leseni yako, uliza utaifuata kituo gani na kwa nani, uandike.

Hatua ya tatu: lipa kwa namba, siyo kwa mkono

Malipo ya serikali yanafanyika kwa namba maalumu ya malipo, ile ambayo kila wakala anaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na kwa kawaida huanza na 99. Unaweza kuilipia kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa, kwa wakala wa benki au benkini. Kwenye simu tafuta sehemu ya malipo ya serikali, ingiza namba, kisha tulia kabla ya kubonyeza namba ya siri. Simu itakuonyesha unamlipa nani na kiasi gani. Ukiona jina la mtu binafsi, au kiasi tofauti na cha kwenye karatasi, acha.

Mgeni asiye na laini iliyosajiliwa kwa jina lake asitume hela kwa "kijana wa pale kijiweni anayejua kulipa". Nenda kwa wakala mwenye kibanda, mpe namba, simama mbele yake, subiri risiti au ujumbe. Atakata ada yake ya huduma, na hilo ni sawa.

Kuna utapeli wa kujihadhari nao pia: ujumbe au simu inayosema gari lako lina deni, tuma hela kwa namba hii ya simu. Deni la trafiki halilipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, usiujibu. Nenda ukaangalie mwenyewe kwenye mfumo.

Mfumo huo ni wa Jeshi la Polisi, upo kwenye intaneti kwa anwani tms.tpf.go.tz, na kuutazama ni bure. Ingiza namba ya gari, namba ya leseni au namba ya kumbukumbu, utaona kosa, mahali, tarehe, kiasi, adhabu iliyoongezwa kama ipo, na hali ya deni. Baada ya kulipa, ingia tena uhakikishe deni halisomeki kama linasubiri malipo. Hatua hii watu wanairuka kwa sababu wameshapata ujumbe wa simu kwamba hela imeondoka. Hela kuondoka kwako na deni kufutika ni mambo mawili. Yakipishana, unahitaji ule ujumbe na ile picha ya karatasi, uvipeleke ofisi ya usalama barabarani kituoni.

Usichelewe. Deni lililopitiliza muda linaongezewa adhabu ya robo, 30,000 ikawa 37,500. Na askari yeyote njiani akiangalia namba ya gari lako analiona, na gari linaweza kuzuiwa hadi ulipe, pengine uko Nangurukuru na abiria ndani.

Kama hukubali kosa

Faini ya papo kwa papo ni kwa anayekubali. Usipokubali, una haki ya kusema hivyo na jambo liende kituoni na kisha mahakamani. Sema bila jazba: "Afande, kosa hili silikubali, naomba utaratibu wa mahakama." Mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiswahili tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, na kama Kiswahili hakikutoshi, unaomba mkalimani.

Ushauri wangu: pigania kosa pale ambapo una kitu cha kuonyesha. Picha ya tochi yenye namba isiyo yako, kibao kilichofunikwa na matawi ambacho umekipiga picha siku hiyohiyo, au risiti inayoonyesha ulikuwa mji mwingine. Kama ulichonacho ni hasira tu kwamba wengine walipita na mwendo uleule, lipa. Siku utakazokaa mahakamani ukiwa umeacha kazi zitakugharimu kuliko faini.

Kabla ya kufika huko ipo njia ya katikati ambayo wageni hawaijui. Kila wilaya ina mkuu wake wa usalama barabarani, na kila mkoa una wake, yule anayeitwa RTO. Ofisi zao ziko kwenye vituo vikuu vya polisi, mjini Mtwara na mjini Lindi. Mtu anaweza kwenda na karatasi yake kueleza kwamba namba imekosewa au ameandikiwa kosa mara mbili. Nenda asubuhi, vaa nadhifu, beba nakala. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaosaidia bure wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo.

Kuhusu "tumalizane"

Niseme wazi, kwa sababu jambo hili linaumiza wageni kuliko wenyeji. Kutoa rushwa ni kosa sawasawa na kupokea, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mgeni anayehonga 10,000 ili aepuke faini ya 30,000 ameacha kosa la barabarani lisilofika mahakamani, amechukua kosa la jinai ambalo linaweza kumfikisha gerezani na kumharibia ukaazi. Na hela ya mkononi haina kumbukumbu: kilomita ishirini mbele unasimamishwa tena kwa taa ileile mbovu.

Ukiona mazungumzo yanaelekea huko, sentensi hii inatosha: "Naomba uniandikie tu, afande, nitalipa kwa namba." Haimtuhumu mtu. Akiendelea kukusumbua, kumbuka jina au namba yake, mahali na saa, upige TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa 113. Simu hiyo ni bure.

Gari la bosi, boda ya mkataba, gari la kununua

Deni linafuata namba ya chombo. Kwa hiyo anayeendesha gari la mwingine akimficha mwenye gari kwamba ameandikiwa, mwenye gari atalijua siku atakaposimamishwa, na hapo mgeni ndiye anayepoteza kazi. Mwambie siku hiyohiyo, mtumie picha ya karatasi.

Mkubaliane mapema nani analipa nini, na kama mna mkataba, muandike. Utaratibu ninaouona wa haki ni huu: makosa ya mkono wa dereva, kama mwendo, mkanda na mshikaki, ni ya dereva, makosa ya chombo, kama tairi kipara, taa na bima iliyoisha, ni ya mwenye chombo. Kijana wa boda ya mkataba, anayeendesha pikipiki ya tajiri kwa makubaliano ya malipo, asikubali kukatwa faini ya taa kwenye hesabu yake wakati alishamwambia tajiri kwamba taa imekufa.

Unaponunua gari au pikipiki iliyotumika, ingiza namba yake kwenye mfumo kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio. Muuzaji akisema madeni ni madogo atalipa baadaye, alipe kwanza.

Leseni na kibali chako

Ukiwa msafiri wa muda kutoka nchi jirani, leseni yako halali itakusaidia. Ukishahamia, tafuta leseni ya Tanzania. Itakuondolea maelezo marefu kila unaposimamishwa barabarani. Unahitaji namba ya mlipakodi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, unapitia kwa trafiki kuhakikiwa, kisha TRA wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole. Ada ni 70,000 na leseni inakaa miaka 5. Angalia daraja lake: leseni ya gari dogo haikuruhusu kubeba abiria kwa malipo. Wakati unasubiri, leseni ya Kireno au Kifaransa iambatane na tafsiri, maana askari asiyeweza kuisoma atakuwa na haki ya kukuuliza maswali mengi.

Ukiingia na gari la Msumbiji kwa kivuko cha Kilambo au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, hifadhi karatasi za forodha ulizopewa mpakani na ujue tarehe yake ya mwisho. Namba ya nje isiyo na karatasi ndani ya muda wake si kosa la trafiki tena, inakuwa habari ya TRA.

Kuhusu kibali: faini ya papo kwa papo iliyolipwa inaishia polisi, haikupeleki mahakamani. Kitakachokuletea Uhamiaji ni kibali chenyewe kuisha muda huku ukiendelea kuzunguka. Anza kukihuisha mapema, usisubiri msimu wa korosho uishe.

Ukiwa na safari ndefu ndani ya siku mbili tatu baada ya kulipa, beba karatasi ya faini pamoja na risiti au ujumbe wa malipo, na piga picha ya skrini inayoonyesha deni limefutika, kwa kuwa kuna sehemu kati ya Lindi na Kibiti mtandao unakatika na hutaweza kufungua chochote mbele ya askari.